Cha Rundo ni cha Pipa

Sogeeni karibu, wanangu, nisije nikaimaliza pumzi yote kwa kupaza sauti. Mkubwa, wewe kalia kile kiti cha kazi kinachoyumba, maana ni miaka mitatu nakuomba ukipige msumari na wewe unasema kesho, basi leo kikuyumbishe mwenyewe. Kitinda, hiyo simu igeuze uso chini. Wateja watangoja, na asiyengoja hakuwa mteja. Na wewe, mama, mwanangu wa kati, usisimame hapo mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Njoo ukae hapa kitandani, upande wa miguu yangu, nikuone uso. Jana daktari aliwanong'oneza habari zangu kule koridoni mwa hospitali, akasahau kwamba kilichoharibika kwangu ni mapafu, masikio ni mazima kabisa. Nimesikia, wala sikushtuka. Mtu aliyetengeneza kalenda miaka arobaini na sita anajua kwamba Desemba haina ubishi, hufika.

Nimechagua saa hizi za asubuhi kwa sababu kati ya saa tatu na saa tano pumzi yangu huwa ya kwangu, baada ya hapo huwa ya kuazima. Nisikilizeni mpaka mwisho bila kunikatiza. Nina vitu vya kugawa na nina neno la kusema. Vitu ni vyepesi, nitaanza navyo, kisha nitalileta hilo neno, na nikionekana kulizungukazunguka msinicheke, nalizunguka kwa sababu naliogopa.

Karakana hiyo nyuma ya ukuta huu namwachia Mkubwa, chumba cha mbele chenye dirisha la kioo na chumba cha nyuma chenye pipa, pamoja na mashine ya kukatia, mashine ya kukandamizia yenye usukani wa chuma, fremu za wavu zote isipokuwa moja nitakayoitaja baadaye, na kamba saba za kuanikia na vibanio vyake. Simwachii kwa kuwa alitangulia kuzaliwa, maana kutangulia si kufika. Namwachia kwa sababu nimemwona akichota rojo la karatasi. Wengi huchota kama watu wanaoteka maji, kwa pupa, karatasi ikatoka nene upande huu na nyembamba upande ule, lakini yeye huitumbukiza fremu taratibu, huitikisa mara mbili kulia na mara moja mbele, huinua, kisha husubiri maji yashuke yenyewe. Mkono huo hakufundishwa na mtu, aliuiba kwangu akidhani sioni. Mkubwa, usukani ule ukianza kulia unataka mafuta, hautaki nguvu. Fremu usiziache juani, mbao zitapinda. Na yule kinyozi jirani yetu alikuja kuazima mkasi mrefu kwa siku mbili, leo ni mwaka wa sita. Nenda ukamdai kwa heshima, mwambie mzee anataka kusafiri nao, uone kama hatautoa mbio.

Kitinda, kabati la vielelezo ni lako. Ndani yake kuna kadi moja ya kila harusi iliyopita mikononi mwetu, kuanzia ile ya kwanza kabisa niliyoikunja upogo, mpaka hii ya juzi ambayo ukiifungua ndege wawili wananyanyuka kama wanataka kukudonoa pua. Nilikubeza uliposema utazipiga picha uziweke kwenye simu, watu wachague wakiwa wamelala vitandani mwao. Nilisema karatasi ni kitu cha kupapaswa. Nilikosea, nakiri mbele ya kaka yako na dada yako, kwani nusu ya kazi za mwaka huu zimeingia kupitia simu hiyo. Ila nakuusia, usiipambe picha hata ikaipita kadi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Bibi harusi akifungua boksi akakuta rangi siyo ile aliyoiona, hatakulaumu wewe peke yako, ataanza kumtazama na bwana harusi mara mbili mbili.

Pale mezani kuna kadi mia moja na themanini za binti wa fundi makochi, zimebaki kufungwa utepe. Msizitoe mpaka gundi ikauke siku mbili kamili, hata mama mtu akija kulia mlangoni. Na kabla ya kufunga, chukueni kalenda mlinganishe siku na tarehe. Mkubwa anaikumbuka ile harusi niliyoandika Jumamosi tarehe kumi na nne, kumbe kumi na nne ni Jumapili. Nusu ya wageni wakafuata siku, nusu wakafuata tarehe, na baba wa watu akalisha siku mbili mfululizo. Nilikwenda mwenyewe nikapiga magoti mbele ya pande zote mbili, nikawatengenezea albamu ya picha kwa mkono wangu, na mpaka leo tukikutana njiani wananiuliza, fundi, leo ni lini? Tunacheka. Kosa lile nililitubu siku ile ile, kwa sababu lilikuwa kosa la macho, na kosa la macho halimvui mtu nguo. Ninalo jingine ambalo nimelilalia miaka thelathini na mmoja.

Mama, usiangalie dirishani. Neno lenyewe ni lako.

Nimekuita na ndugu zako makusudi. Ningeweza kukwambia tukiwa wawili, ukalia, nikalia, tukafuta machozi, na ndugu zako wakaendelea kujua wanachokijua. Lakini uongo niliusema mbele ya watu, na kweli nataka niiseme mbele ya watu, wale waliobaki. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami sitaki kiniumbue kikiwa kimenikuta kimya.

Mna shangazi. Kitinda humjui, ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Ni mdogo wangu wa pekee, na kazi hii tuliianza naye. Mimi nilikuwa na pipa moja na fremu mbili, yeye alikuwa na brashi tatu na jicho lisilopitwa na kitu. Natengeneza karatasi, yeye anachora. Nakunja kadi, yeye anazitia maua. Na mwaka ukikaribia kwisha tunatoa kalenda, miezi kumi na miwili na picha kumi na mbili, kila moja ya mkono wake. Kalenda zetu zilikuwa hazitupwi. Mwaka ukiisha watu wanakata picha wanazitundika sebuleni. Na kila aliyeingia dukani alisema neno moja, fundi, dada yako ana mkono! Hakutokea hata mmoja aliyeipapasa karatasi akauliza imetengenezwaje. Mwaka wa kwanza nilifurahi pamoja naye. Mwaka wa tano nilikuwa natabasamu. Mwaka wa kumi nilikuwa nikimwona mteja anafungua mdomo, nageuka kutafuta gundi ambayo siihitaji. Huo ni wivu, wanangu, niuite kwa jina lake. Nilimwonea wivu mtoto niliyembeba mimi mwenyewe nikimvusha barabara.

Mwaka ule wa mwisho alichora mtaa wetu. Kila mwezi mlango mmoja na mtu anayetokea mlangoni. Januari fundi cherehani na pini zake mdomoni, mwezi wa tatu yule mama muuza ndoo aliyekuwa akivaa ndoo kichwani kama kofia, na mwezi wa nne, mwezi wa mvua, mtoto wa miaka minane akitoka kwenye mlango wa karakana na mwavuli mwekundu mkubwa kuliko yeye. Mtoto huyo ni wewe, mama. Alikukalisha siku tatu na huo mwavuli, ukawa unalalamika mkono unauma.

Zilipokauka, akanijia mbio akaniambia kampuni moja ya kalenda imeziona, inazitaka zote, itazichapa kwenye karatasi ya kiwandani, nyeupe, laini, maelfu kwa maelfu, na yeye watampa meza yake na dirisha lake. Nikamuuliza, na karatasi yangu je? Hakukusudia ubaya, sasa hivi najua. Alikuwa na furaha, na mwenye furaha huwa hapimi maneno. Akasema, "Kaka, karatasi ni karatasi tu." Ulimi hauna mfupa. Alicheka, akanipiga kibao cha bega, akatoka. Neno likabaki na mimi.

Sheria ya karakana yetu mnaijua nyote, mmeinyonya pamoja na maziwa: cha rafu ni cha mteja, cha rundo ni cha pipa. Kilichowekwa rafuni hakiguswi na mtu, na kilichowekwa kwenye lile rundo la karatasi chakavu kando ya pipa kinachanwa na kuloweshwa, hakiulizwi kimetoka wapi. Na mchanaji wetu alikuwa wewe, mama. Ulikuwa ukitoka shule unavua viatu, unakaa kwenye kigoda chako, unachana vipande vya ukubwa wa kiberiti, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, na rundo linakwisha kabla hujaombwa. Sijapata mchanaji kama wewe tena.

Siku hiyo saa nane mchana, shangazi yenu aliweka zile picha kumi na mbili rafuni, ndani ya jalada la kahawia, akasema anakwenda kutafuta kamba nzuri ya kulifungia, kwa maana watu wa kampuni wanakuja saa kumi. Akatoka. Nikalishusha lile jalada. Sikulitia majini, mkono wangu haukuthubutu. Nilizitoa picha, nikazilaza uso chini juu ya rundo, nikatupia magazeti mawili, nikalirudisha jalada tupu rafuni, kisha nikakaa kwenye mashine ya kukatia nikalipa pipa mgongo, nikawa nakata bahasha ambazo hakuna aliyeziagiza. Nilijua unatoka shule saa nane na nusu. Nilijua hufanyi kazi nusu nusu. Sikukutuma, mama. Nilikutegea.

Mkubwa, mwache. Usimshike mkono, mwache apite. Ana haki ya kutoka, mimi ndiye sina haki ya kumzuia. Kaa chini. Kitinda, na wewe kaa, usimfuate. Mmeona alivyoufunga mlango? Polepole, mpaka kitasa kikalia tik. Hata hasira zake hazijui kubamiza. Tangu siku ile amekuwa hivyo, anapita duniani kama mtu anayeogopa kuvunja kitu cha watu.

Nipe maji kidogo. Asante.

Nitawasimulia yaliyofuata, ninyi mliyajua kwa upande mmoja tu. Saa kumi kasorobo shangazi yenu akarudi na kamba, akafungua jalada, halafu akatazama rafu nzima, meza nzima, kisha akatazama pipa. Aliingiza mikono mpaka viwikoni. Ilitoka na rojo, na ndani ya rojo kulikuwa na wekundu. Alipiga ukelele mmoja tu. Mama yenu akaja, marehemu, akiwa na unga mikononi, na fundi cherehani akaja mbio na pini zake mdomoni vile vile alivyochorwa, na Mkubwa ulikuwepo, ulisimama karibu na kamba za kuanikia. Shangazi yenu akamuuliza mtoto, umezichana wewe? Akasema ndiyo. Kwa nini? Akasema, "Nilimuuliza baba." Wote wakanigeukia mimi. Nami nikasema, mbele ya mke wangu, mbele ya dada yangu, mbele ya jirani, nikasema, "Hakuniuliza." Mtoto akanitazama. Hakulia hapo. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Basi labda sikuuliza."

Shangazi yenu hakumpiga. Aliniambia mimi, "Ungemfundisha kutazama kabla ya kumfundisha kuchana," akajifuta mikono kwenye gauni lake, akaondoka, na mlango wetu hakuukanyaga tena, wala kampuni haikungoja achore upya. Yuko upande wa pili wa mji huu huu, anafundisha watoto kuchora katika shule moja yenye geti la kijani. Nalijua hilo geti kwa sababu nimelifikia mara mbili. Mara ya kwanza nilijiambia amechoka, mara ya pili nilijiambia mvua inakuja. Haikunyesha.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, tena imepambwa. Mwaka ule hatukuwa na picha, siku zilikuwa zimekwisha, nikaokota majani na maua makavu nikayabandika, mwezi kwa mwezi, nikatoa kalenda hivyo hivyo ilimradi isikosekane. Watu wakasema fundi kabuni mtindo mpya! Mtindo huo ndio tunaojulikana nao mpaka leo, na kila ninaposifiwa natamani kumwambia msifuji kwamba analisifu shimo nililolifunika kwa majani.

Na mtoto? Hakukalia tena kile kigoda. Ameajiriwa mtunza majalada, na ofisi nzima inamsifu kwamba kwake haijapata kupotea hata karatasi moja. Mume wake alinisimulia siku moja akicheka, akasema, "Baba, binti yako hatupi kitu, risiti ya sabuni ya miaka minane iliyopita anayo, karatasi ya andazi anaigeuza pande zote mbili ndiyo anaiachia, tena anauliza kwanza, hii haina mwenyewe?" Akasema mende watawafukuza nyumbani. Nilicheka naye. Nilipomaliza kucheka nilikwenda uani nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka mama yenu akaja kunitafuta, naye pia sikumwambia. Amekufa akiamini mwanawe alikuwa mzembe siku moja katika maisha yake. Majuto ni mjukuu, nami nimelea huyu mjukuu peke yangu.

Mkubwa, unaniangalia hivyo kwa nini? Unataka kujua kama aliuliza. Najua unataka kujua. Hilo ndilo neno nililomwitia, na litatoka kinywani mwangu likaingie sikioni mwake, halitapitia kwako. Tusubiri. Atarudi.

Wakati tunasubiri, Kitinda, ingiza mkono chini ya kitanda, vuta lile boksi la mbao. Polepole, lisiburuzike. Fungua shuka. Rojo lile sikulimwaga. Maji yakimwagika hayazoleki, ila lile halikuwa limemwagika, lilikuwa pipani linanitazama. Siku ya pili, kaka yako na dada yako wakiwa shule, nilichota lote mpaka sakafu ya pipa, zikatoka karatasi arobaini na moja. Hazijauzwa, hazijaandikwa, hazijaonwa na mtu. Inyanyue hiyo ya juu uiweke kwenye mwanga. Unaona? Kijivu chake ni cha magazeti yale mawili. Chembe za kijani ni mlango wa fundi cherehani. Bluu ni ndoo. Sasa tafuta ile yenye kona iliyokunjwa, ya mwisho kabisa. Kuna kipande chekundu hapo, kama ukucha wa kidole cha mwisho, hakikusagika. Nimeishi juu ya mwavuli huo miaka yote hii, nikilala ninao chini ya mgongo. Rudisha, funika.

Hizo ni za dada yenu, zote, pamoja na ile fremu ndogo yenye mpini wa kamba niliyomtengenezea alipokuwa na miaka sita, akawa anajichotea karatasi za wanasesere wake. Ipo nyuma ya kabati, nimeibadilisha wavu mwezi uliopita, ndiyo kazi yangu ya mwisho. Na ndani ya boksi, ubavuni, kuna bahasha. Ni barua kwa shangazi yenu, nimeandika yote niliyowaambia, kwa kalamu, siku nne, mistari mitatu mitatu. Sikuitia gundi. Dada yenu ataisoma kwanza, na akitaka aipeleke kule kwenye geti la kijani yeye mwenyewe, na asipotaka, aiweke kwenye rundo. Wala msimsukume. Mwenye kovu usidhani kapoa, na hapa wenye makovu ni wawili.

Saa ngapi? Saa tano imepita. Nahisi.

Mkubwa, sogea. Mimi nikiondoka, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, kesho yake pipa lijazwe, kadi za yule binti zifungwe utepe. Tangazo la msiba msilipambe. Karatasi moja mlangoni, wino mweusi, herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Na mlinganishe siku na tarehe, nisije nikazikwa mara mbili. Cheka, mwanangu, nimesema ucheke. Wewe na mdogo wako fanyeni kazi pamoja, kidole kimoja hakivunji chawa. Na mteja akimsifu mdogo wako mbele yako, ikikuuma, sema imekuuma. Sema siku hiyo hiyo. Usitafute gundi.

Pumzi... ngoja. Ngoja kidogo.

Mkubwa, nikinyamaza kabla hajaingia, utamwambia... Utamwambia kwamba... Hapana. Sikupi. Nyamazeni. Nimesikia kitasa.

Umerudi, mama. Njoo, pita. Mpisheni njia. Mbona mikono yako imelowa mpaka viwikoni? Ulikuwa kwenye pipa. Miaka thelathini na mmoja, na leo umeingiza mikono kwenye pipa. Limejaa, ee? Rojo la kadi za binti wa fundi makochi, jeupe. Usijifute, acha tu.

Siombi unisamehe leo. Utafanya kwa saa yako, mimi nisipokuwepo pia inahesabika. Boksi hilo ni lako, ndugu zako watakueleza, na barua, na fremu yako. Mungu akutoe woga, mwanangu. Akupe siku ya kutupa karatasi bila kuitazama nyuma. Awape nyote mikono isiyotetemeka, na awape ndugu wa kuwasifu, na masikio ya kuzivumilia hizo sifa. Yaliyo mema ya mama yenu yawafuate. Yangu, chagueni.

Unasema nini? Siku... siku hizi sauti yako ndogo, au masikio nayo yameanza. Inama. Inama hapa.

Kama uliuliza?

Uliuliza. Mkubwa, sikia. Kitinda, sikia. Aliuliza. Mara ya kwanza ulisema ukiwa pale pale kwenye kigoda, baba, na hizi zenye picha? Sikugeuka. Ukanijia mpaka kwenye mashine, ukanivuta shati, ukaninyooshea moja, ukasema, baba, hii ina mimi. Niliiona. Nilikuona wewe na mwavuli wako. Nikakwambia cha rundo ni cha pipa, ukarudi ukakaa, ukachana, kwa sababu nilisema mimi.

Uliuliza, mama. Mara mbili. Uliuliza vizuri.

Nipe mkono. Hivyo hivyo, na maji yake.